Kanga yangu inakatwa pindo kwenye kompyuta za duka: nipangeje mwonekano tangu mashine inapowaka?

BiStesheneri, Tanga

Wakuu, habari za jioni.

Nina stesheneri hapa Ngamiani. Tunatoa fotokopi, tunachapa barua, tunapiga pasipoti saizi, na nyuma kuna chumba chenye kompyuta nane ambazo wateja hukaa wenyewe wakalipia kwa saa. Mashine zote ni Dell OptiPlex 780 za mtumba, RAM GB 4, na zote nimeziwekea mfumo wa Linux Mint 21.3 wenye deskitopu ya Xfce. Zinakwenda vizuri. Vioo ndivyo havilingani: vitano ni vya kizamani vya inchi 17, vile vya karibu mraba (1280 kwa 1024), na vitatu ni vipana (1600 kwa 900).

Ukutani nyuma ya kaunta nimetundika kanga ya korosho, buluu iliyokolea na nyeupe, jina lake MGENI NJOO MWENYEJI APONE. Wateja wanaipenda, wengine wanaipiga picha. Nikasema hiyo ndiyo iwe sura ya kompyuta zangu, kuanzia mashine inapowaka mpaka mtu anapokaa kufanya kazi yake. Nimeipiga picha kwa simu na kuiweka nyuma ya deskitopu. Sasa mambo yako hivi:

Kwenye vioo vya mraba pindo za kushoto na kulia zimekatwa. Kwenye vipana zimekatwa za juu na chini, na jina lote limepotea. Kanga isiyo na jina mimi siitaki.

Kwenye ukurasa wa kuandika paswedi nimechagua picha hiyohiyo kupitia "Login Window", lakini kioo kinabaki rangi tupu. Nikibofya jina la mtumiaji ndiyo kinageuka kuwa kitu kingine kabisa.

Wakati wa kuwaka, kioo ni cheusi, kisha nembo ya Mint, kisha hiyo rangi tupu, kisha deskitopu. Natamani lionekane jina la duka.

Halafu vijana. Akikaa kijana saa moja, akiondoka nakuta picha ya timu yake ya mpira na ikoni zimehamishwa. Anayefuata ni mzee amekuja kujaza fomu ya mtandaoni, anakuta vitu si alivyoviacha wiki iliyopita, anaogopa kugusa. Hili ndilo linaloniuma zaidi. Wateja wangu wengi ni watu wazima, na mashine inayofanana kila siku inawapa moyo.

Naombeni mnisaidie hatua kwa hatua. Terminali siiogopi nikipewa amri kamili.

---

kijana_wa_Chumbageni

Dada, pakua tu thimu kali za GRUB, ile menyu ya kuchagua mfumo mashine inapowaka, ziko nyingi bure. Nembo ya BIOS, ile programu ya ubao mama inayoanza kwanza, pia inabadilishwa, unachoma upya BIOS ukiwa umeingiza picha yako. Hapo mashine ikiwaka tu ni duka lako. Au rudi Windows 10 uweke Rainmeter ya kupamba deskitopu, inapendeza sana.

---

Fundi_Likoni, Mombasa

Hujambo dada. Ngoja tulipange hili kwa utaratibu, maana ulichokitaka ni kizuri na kinawezekana chote isipokuwa kimoja.

Nianze na hicho kimoja. Nembo ya kwanza kabisa, ile ya mtengenezaji inayotokea ukibonyeza kitufe cha kuwasha, iko ndani ya chipu kwenye ubao mama. Kuibadilisha ni kuandika upya programu ya chipu hiyo, na umeme ukikatika katikati ya kuandika, ubao ndio umekwisha. Kwa picha inayokaa sekunde mbili? Usiguse. Kijana wangu wa Chumbageni ana nia njema, lakini hizi ni mashine za riziki.

GRUB nayo iache. Kwa kuwa kila mashine ina mfumo mmoja tu, Mint huificha menyu ya GRUB yenyewe. Utaweka thimu ya kupendeza ambayo hakuna mteja atakayeiona.

Zinabaki hatua tatu zinazoonekana, na kila moja inaendeshwa na programu yake: nembo ya kuwaka ni Plymouth, ukurasa wa paswedi ni LightDM ikitumia slick-greeter, na deskitopu ni Xfce. Hazijuani. Ndiyo maana kioo chako kinabadilika rangi mara kwa mara: kila moja inakuja na rangi yake. Dawa ni kuchagua rangi moja na kuzipa zote tatu. Chukua buluu ya pindo la kanga yako: fungua picha kwenye GIMP (programu ya kuhariri picha), bofya kwa kile kidude cha kuchovya rangi, utapewa namba. Hapa chini nitatumia #12344a kama mfano, wewe weka yako.

Tuanze na paswedi kwa sababu ni rahisi na utaona matunda leo. Picha yako umeiweka wapi? Nakisia iko kwenye folda ya picha ndani ya akaunti yako. Ukurasa wa paswedi unaendeshwa na mtumiaji wa mfumo anayeitwa lightdm, na tangu Ubuntu 21.04 (Mint 21 imejengwa juu ya 22.04) folda ya nyumbani ya mtu imefungwa, watumiaji wengine hawawezi kuchungulia. Kwa hiyo lightdm anaitafuta picha, ananyimwa ruhusa, anapaka rangi tupu. Ipeleke mahali pa wote:

sudo mkdir -p /usr/share/backgrounds/duka
sudo cp ~/Pictures/kanga.png /usr/share/backgrounds/duka/
sudo chmod 644 /usr/share/backgrounds/duka/kanga.png

Kisha fungua /etc/lightdm/slick-greeter.conf kwa sudo, hakikisha kuna mistari hii:

[Greeter]
background=/usr/share/backgrounds/duka/kanga.png
background-color=#12344a
draw-user-backgrounds=false
draw-grid=false

Huo mstari wa draw-user-backgrounds ndio jibu la "kinageuka kuwa kitu kingine". Ukiwa true, ukurasa unachukua picha ya mtumiaji uliyembofya. Na draw-grid ni vile vidoto vidogo vinavyotandazwa juu ya picha. Juu ya korosho vitakuchafulia kazi.

Sasa Plymouth. Hapa mimi singeweka picha ya kanga nzima. Mashine inapowaka, kioo hakina uhakika wa ukubwa wake mpaka dereva ya picha ipakiwe, na una vioo vya maumbo mawili. Weka rangi ya kanga kioo kizima, na katikati jina la duka na korosho moja iliyokatwa vizuri, PNG isiyo na mandharinyuma, upana wa pikseli 400 hivi. Hiyo inakaa sawasawa kwenye kioo chochote. Tengeneza folda:

sudo mkdir /usr/share/plymouth/themes/duka

Ndani yake weka nembo.png na faili mbili. Ya kwanza iite duka.plymouth:

[Plymouth Theme]
Name=Duka
ModuleName=script

[script]
ImageDir=/usr/share/plymouth/themes/duka
ScriptFile=/usr/share/plymouth/themes/duka/duka.script

Ya pili, duka.script:

Window.SetBackgroundTopColor(0.07, 0.20, 0.29);
Window.SetBackgroundBottomColor(0.07, 0.20, 0.29);
nembo = Image("nembo.png");
s = Sprite(nembo);
s.SetX(Window.GetWidth() / 2 - nembo.GetWidth() / 2);
s.SetY(Window.GetHeight() / 2 - nembo.GetHeight() / 2);

Plymouth haisomi #12344a. Inataka kila rangi iwe kati ya 0 na 1, kwa hiyo unagawanya kwa 255: nyekundu 18, kijani 52, buluu 74, ndiyo hizo 0.07, 0.20 na 0.29. Kisha:

sudo update-alternatives --install /usr/share/plymouth/themes/default.plymouth default.plymouth /usr/share/plymouth/themes/duka/duka.plymouth 200
sudo update-alternatives --config default.plymouth
sudo update-initramfs -u

Amri ya mwisho ndiyo watu huisahau kisha wakalalamika hakuna kilichobadilika. Plymouth huanza kabla diski haijafunguliwa vizuri, kwa hiyo thimu lazima iingizwe ndani ya initramfs, lile furushi dogo linalopakiwa mwanzo kabisa. Folda ya thimu peke yake haitoshi.

Ikitokea mashine imegoma kwenye nembo, usihangaike. Izime, iwashe, shikilia Shift mara nembo ya mtengenezaji inapopita, menyu ya GRUB itajitokeza. Bonyeza e, tafuta mstari unaoanza na linux, futa neno splash, kisha F10. Itawaka kwa maandishi matupu na utaingia kurekebisha. Ndiyo sababu nakuambia anza na mashine moja, ikae na wateja, ndipo uende kwenye nyingine.

Vijana na timu zao: usiwakataze, wape akaunti ya mgeni. Ndani ya hiyo "Login Window", sehemu ya watumiaji, kuna pa kuruhusu mgeni. Mteja anaingia bila paswedi, anabadilisha anachotaka, na akitoka kila kitu kinafutwa; anayefuata anakuta chumba kimefagiliwa. Sura ya kuanzia unaiandaa mara moja: panga akaunti ya kawaida vile unavyotaka, kisha nakili folda yake ya .config/xfce4 kwenda /etc/guest-session/skel/.config/. Kila mgeni mpya anapewa nakala yake.

Tahadhari moja kubwa, na ibandike ukutani: kazi ya mgeni inafutika naye. Aliyechapa barua ya maombi ya kazi aihifadhi kwenye flashi au ajitumie kwa barua pepe kabla ya kutoka. Pia faili za mgeni zinakaa kwenye /tmp, ambako kwa akaunti hii ni RAM. Ukiwa na GB 4, mteja anayepakua filamu ataibana mashine.

Kuhusu picha yenyewe kukatwa, nimwachie mtu anayejua kanga kuliko mimi.

---

Mwl_Mstaafu, Unguja

Wanangu, salamu. Nimefundisha kompyuta maabara ya shule kwa miaka mingi, na swali hili limenigusa.

Mwanangu BiStesheneri, picha yako inakatwa kwa sababu ya umbo. Kanga ni kama mita moja na nusu kwa mita moja na kidogo, upana ukigawanya kwa kimo unapata kama 1.4. Kioo chako cha mraba ni 1.25, chembamba kuliko kanga, kwa hiyo mbavu zinakatwa. Kioo kipana ni 1.78, kwa hiyo kinakata juu na chini, na jina la kanga liko chini. Hapo Xfce imewekwa "Zoomed". Ukiweka "Stretched" pindo zote zitaonekana, lakini korosho zitanenepa au kukonda. Kanga usiivute.

Njia ni kuishona upya kwenye kompyuta. Itandaze sakafuni kivulini asubuhi, panda kwenye kiti uipige kutoka juu wima, bila mwanga wa flashi. Kwenye GIMP ikate vipande: pembe nne, pindo, mji (uwanja wa katikati), na jina. Pindo lina mchoro unaojirudia. Kata pale mchoro unapoanza na unapoishia, basi unaweza kuongeza marudio au kuyapunguza mpaka urefu utoshe, na hakuna atakayeona kiungo. Tengeneza mbili, moja ya 1600 kwa 900, nyingine ya 1280 kwa 1024. Pembe zikae pembeni, jina likae mahali pake juu ya pindo la chini. Waliochora kanga walikuwa tayari na fremu, uwanja na maandishi. Sijaona mpangilio unaofaa kioo cha kompyuta kuliko huo.

Lakini mji wa korosho umejaa. Maandishi ya ikoni juu yake hayasomeki, hasa kwa wazee unaowataja. Ondoa ikoni zote za deskitopu, weka vitufe vya kazi kwenye paneli, vikubwa, pikseli 48, ukivipa majina kwa Kiswahili: Andika Barua, Intaneti, Skani, Chapisha. Unabofya kulia juu ya kitufe, unabadilisha jina. Lugha ya mfumo mzima pia inaweza kuwekwa sw_TZ, ila tafsiri haijakamilika na menyu itachanganya Kiswahili na Kiingereza. Mimi ningebadilisha vile vitufe vinne tu vinavyotumika kila siku.

Mambo haya si mapya. Kwenye Windows 98 picha ya kuwaka ilikuwa faili la kawaida la BMP lililopewa jina logo.sys, likikaa kwenye mzizi wa diski C, pikseli 320 kwa 400, rangi 256. Kioo kiliipanua iwe 4 kwa 3, kwa hiyo ulichora kwa 640 kwa 480 kisha ukaibana, la sivyo duara lilitoka kama yai. Ndani ya folda ya Windows kulikuwa na mbili zaidi, logow.sys na logos.sys, ya mwisho ndiyo yale maandishi ya rangi ya machungwa yaliyosema sasa ni salama kuzima. Pale maabara tulichora yetu: SASA UNAWEZA KUZIMA KOMPYUTA. Watoto wa darasa la kwanza la kompyuta walikuwa wakilisoma kwa sauti, wote pamoja, ndipo wanabonyeza kitufe. Mashine ilikuwa imesema nao.

Ilipokuja XP picha ikafichwa ndani ya ntoskrnl.exe, yaani moyo wa mfumo, na waliotaka kuibadilisha walitengeneza nakala ya moyo huo na kuielekeza kwenye boot.ini. Windows 7 ilifungua dirisha dogo, kwa ukurasa wa paswedi: unawasha OEMBackground kwenye rejista, unaweka backgroundDefault.jpg chini ya System32\oobe\info\backgrounds, isizidi KB 256. Siku hizi, kwenye mashine za UEFI (mrithi wa BIOS), Windows inaonyesha nembo inayopewa na ubao mama wenyewe. Mlango umezidi kuwa mwembamba. Kwa hiyo nafurahi kwamba dada huyu yuko kwenye mfumo ambao picha ya kuwaka bado ni faili unaloweza kulifungua na kulisoma.

---

BiStesheneri, Tanga

Mwalimu, shikamoo. Fundi, ahsante sana. Nimeanza na mashine namba moja. Ukurasa wa paswedi umekubali, ilikuwa ni ruhusa kweli. Nembo nayo imetokea, buluu moja mpaka deskitopu, kioo hakiruki tena. Kanga ya kioo kipana nimeishona, pembe zote nne zipo na jina linasomeka. Mzee mmoja amekaa akaniambia, "Leo umenivalisha kanga."

Yamebaki mawili. Nilinakili ile folda ya xfce4 kwenda mashine namba mbili, paneli imekuja vizuri lakini picha ya nyuma imegoma, inatoka ya Mint. Na mashine ya kaunta, yenye hesabu zangu, diski yake nimeifunga kwa paswedi tangu nilipoiweka. Niiwekee nembo hii hii?

---

Fundi_Likoni, Mombasa

Hongera dada. Kwanza la picha: mashine namba mbili kioo chake kimechomekwa kwenye tundu lingine, sivyo? Hizo OptiPlex zina VGA na DisplayPort. Xfce huhifadhi picha ya nyuma kwa jina la tundu, siyo kwa kompyuta. Fungua /etc/guest-session/skel/.config/xfce4/xfconf/xfce-perchannel-xml/xfce4-desktop.xml na utaona kitu kama monitorVGA-1. Andika xrandr kwenye terminali ya namba mbili, litakuambia tundu lake linaitwaje, kisha badilisha jina hilo ndani ya faili. Kama unaweza, chomeka vioo vyote nane kwenye VGA na usahau habari hiyo. Hakikisha pia faili linaelekea picha iliyoko /usr/share/backgrounds/duka, ile ya umbo la kioo hicho, maana mgeni naye hawezi kusoma folda yako ya nyumbani.

Mashine ya kaunta, subiri kwanza. Diski ikiwa imefungwa, Plymouth ndiyo inayoonyesha kisanduku cha kuandika paswedi ya diski, na skripti niliyokupa haina kisanduku. Ukiiweka vile utaona nembo imetulia, mashine inakungoja uandike, wewe unaingoja iwake. Ongeza haya mwishoni mwa duka.script ya mashine hiyo:

fun onyesha_paswedi(ujumbe, idadi) {
  nyota = "";
  for (i = 0; i < idadi; i++) nyota = nyota + "*";
  p.picha = Image.Text("Paswedi ya diski: " + nyota, 1, 1, 1);
  p.s = Sprite(p.picha);
  p.s.SetX(Window.GetWidth() / 2 - p.picha.GetWidth() / 2);
  p.s.SetY(Window.GetHeight() * 3 / 4);
  global.p = p;
}
Plymouth.SetDisplayPasswordFunction(onyesha_paswedi);

fun kawaida() {
  if (global.p) global.p.s.SetOpacity(0);
}
Plymouth.SetDisplayNormalFunction(kawaida);

Kisha update-initramfs tena. Ukikwama mbele ya nembo bila kuona kisanduku, bonyeza Esc: Plymouth itajiondoa na utaona maandishi yanayoomba paswedi, andika hapo. Fanya hivi siku ambayo huna foleni dukani, na uwe umenakili hesabu zako kwenye flashi kabla ya kugusa chochote.